Mto Uliovishwa Foronya

Si hapo kale, wala si mbali, palikuwa na nchi yenye kila kitu isipokuwa haya. Jina lake halitajwi hapa, kwa sababu nchi yenyewe ilikwisha kutunga sheria ya kukataza kutajwa. Ndani ya nchi hiyo mlikuwa na jimbo lililoitwa Kati-Pembeni, na ndani ya jimbo hilo ulipita mto Lukwale, mto uliojaliwa neema ambayo mito mingine haikujaliwa: ulikuwa ukibadilisha nguo.

Mito ya kwingineko huzaliwa na rangi moja ikafa nayo. Lukwale, kwa hisani ya Kiwanda cha Ngozi cha Mlimani, ulivaa nyekundu kiwanda kikitengeneza viatu vya maharusi, ukavaa kijani kikitengeneza mabuti ya askari, na ukavaa nyeusi tii kikitengeneza mikoba ya waheshimiwa. Watu wa kijiji cha Kingoni, waliokaa bondeni na kunywa kilichowafikia, hawakuhitaji redio. Wakiona kijani walijua uchaguzi umekaribia. Wakiona nyeusi walijua umekwisha.

Kiwanda kilikuwa cha Spika wa Baraza la Jimbo, Mheshimiwa Ludoviki Mabugo. Yeye mwenyewe alikana, akasema ni cha shemeji yake, na hati zote zilimuunga mkono. Kwamba Mheshimiwa Mabugo hakuwa na mke, wala hakuwa na dada aliyeolewa, halikumkosesha mtu usingizi. Katika nchi hiyo shemeji hupatikana kwanza, ndoa hufuata baadaye.

Hapo Kingoni ndipo alipozaliwa Mwasiti Shembilu. Alilelewa na shangazi yake, Chausiku, dobi aliyefua nguo za watu mtoni tangu mto ulipokuwa wa maji. Mikono ya Chausiku ilikuwa imebabuka mpaka viwikoni, na kila rangi ya kiwanda ilikuwa imemwachia kumbukumbu yake. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, viganja vya kijani, na kucha nyeusi kama za mtu aliyekamatwa akidokoa chungu jikoni.

Kingoni walipomchagua Mwasiti awe mwakilishi wao barazani, walimsindikiza kwa vigelegele mpaka njia panda. Chausiku hakupiga kigelegele. Alisubiri wenzake watulie.

"Mwasiti."

"Abee, shangazi."

"Huko unakokwenda, watu hurudi wanene."

"Mimi sitanenepa."

"Nenepa tu mwanangu, chakula si haramu. Lakini usije ukarudi hapa na hotuba. Rudi na maji."

*

Ukumbi wa Baraza la Kati-Pembeni ulijengwa shimoni, chini kidogo ya kiwanda, ili waheshimiwa wawe karibu na maendeleo. Kwa kubana matumizi, mifereji ya ukumbi iliunganishwa na bomba kubwa la kiwanda, lile lililotapikia mtoni, hata vyoo vya watunga sheria na mapipa ya ngozi vikawa vinaongea lugha moja. Madirisha yaliyotazama mto yalikuwa yamezibwa kwa saruji na kuchorwa picha ya mto.

Kanuni ya kwanza ya Baraza ilisema hivi: neno lolote litakalotamkwa na Spika akiwa kitini ndilo tafsiri ya mwisho, na halitapingwa. Kanuni hiyo haikuwa pambo. Siku moja Mheshimiwa Mabugo alipiga chafya akiwa kitini wakati wakigawa kata, na mpaka leo kuna kata inaitwa Hachiya, ina diwani wake na bendera yake.

Mbele ya kiti hicho Mwasiti alisimama na muswada wake. Ulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza: Ni marufuku kuchafua mto. Ya pili: Atakayechafua mto atausafisha.

Baraza lilipigwa na bumbuwazi. Lilikuwa halijapata kuona muswada unaoeleweka. Mheshimiwa mmoja aliigeuza karatasi kutafuta uliposalia. Mwingine, aliyekuwa barazani muda mrefu kuliko viti vyenyewe, alinong'ona kuwa sheria isiyo na majedwali ni kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo, na kwamba ni mwanamke gani huyu asiyeona aibu.

Hapo ndipo aliposimama Mwanasheria wa Jimbo, Wakili Msomi Kandidi Malosha. Huyu alikuwa mtu aliyeweza kuzungumza tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana bila kukutana na maana njiani. Alikohoa, akainama upande wa Spika, akainama upande wa picha ya Spika, akaanza.

"Mheshimiwa Spika, kwa unyenyekevu usio na kifani, na kwa taadhima iliyotukuka, nina swali dogo tu kwa dada yangu. Mto ni nini?"

Wajumbe wachache walicheka. Walipoona Spika hacheki, walikimeza kicheko chao kikiwa bado cha moto.

"Nauliza kwa sababu sheria si mchezo," Malosha akaendelea. "Mimi jana nimelala na mto. Wewe, Mheshimiwa Spika, jana umelala na mto. Je, kuna kati yetu aliyeamka amelowa?"

"Hakuna," likajibu Baraza zima.

"Basi huo mto wa dada yangu ni upi?"

Mwasiti alihisi mikono ya shangazi yake mgongoni, ile mikono ya rangi tatu, ikimsukuma. Akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Ni ule wenye maji, msomi. Unapita nyuma ya ukuta huo uliochorwa. Ukibomoa saruji utausikia. Usipobomoa, vuta pumzi tu utaujua."

Spika alimwambia akae chini, kwa kuwa kuvuta pumzi hakumo katika ratiba ya siku hiyo. Kisha akaunda Kamati Maalumu ya Kubaini Mto, mwenyekiti Wakili Msomi Malosha.

*

Kamati ilifanya kazi ya kutukuka. Ilikwenda kwenye hoteli moja ya kifahari katika jimbo la jirani, maana katika Kati-Pembeni, kwa masikitiko ya kamati, hapakuwa na mito ya kiwango. Huko wajumbe walijigawa katika vikundi. Kundi la kwanza lilichunguza mto wa sufi, la pili mto wa sponji, la tatu mto wa manyoya ya bata. Walichunguza mchana na baada ya chakula. Mjumbe mmoja, aliyezama sana katika uchunguzi, ilibidi aamshwe ili asaini posho.

Mwasiti aliomba kamati iende Kingoni ikawasikilize watu wanaokunywa mto. Malosha alimjibu kwa upole uliopakwa siagi. Alimweleza kuwa mtu anayekunywa kitu ana maslahi nacho, na shahidi mwenye maslahi hawezi kusikilizwa. Kamati itasikiliza wale tu ambao hawajawahi kuufikia mto, kwa kuwa hao ndio wasio na upande.

Taarifa ilipokuja ilikuwa nene kiasi cha kukaliwa, na wengi waliikalia. Kiini chake kilikuwa hiki: maji ni kitu kinachopita. Maji anayoyalalamikia Mheshimiwa Shembilu, mpaka amalize kuyalalamikia, yameshavuka mpaka wa jimbo bila kuaga. Sheria ya Kati-Pembeni haiwezi kumlinda mtoro. Mto wa kulalia, kinyume chake, ni raia mwema. Hukaa ulipowekwa, hausemi, na hubeba kichwa chochote unacholetewa bila kuuliza kina nini ndani.

Spika alikaa sawasawa kitini, akaweka mikono juu ya meza. "Kwa mamlaka ya kiti hiki," akatamka, "mto ni kitu cha kulazia kichwa. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ndiyo ile ilitingisha ukuta uliochorwa. Mwasiti alisema siyo, peke yake, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, na siyo yake ikaandikwa katika kumbukumbu za Baraza kuwa ni kikohozi.

Sheria ya Hifadhi ya Mto ikapita ikiwa na sentensi zake mbili zilezile, bila kupunguzwa hata nukta. Katika hotuba ya kufunga kikao Spika alimpongeza Mwasiti kwa ujasiri wake wa kupigania foronya za wanyonge. Makao makuu ya nchi yalituma nishani ya mazingira. Ilikuwa ya ngozi.

Kuanzia siku hiyo hapakuwa na mheshimiwa aliyeingia ukumbini bila mto, ili aonekane anapenda mazingira. Waliweka vichwa juu ya mazingira na kukoroma. Lakini mahali penye waheshimiwa na mito laini hapakosi mikono mirefu. Mjumbe akienda msalani, akirudi anakuta mto wake umehamia chini ya shavu la jirani. Ugomvi ulikua mpaka wawili walikamatana mashati wakigombea mto wa manyoya ya bata mbele ya wageni. Ndipo likaongezwa kifungu cha tatu, alichokitunga Malosha mwenyewe kwa uchungu wa aliyeibiwa: Mto hautaguswa wala kuondolewa mahali mwenyewe alipouweka, ila kwa idhini yake, na kiongozi atakayekiuka, au atakayetuma mtu akiuke, atapoteza kiti chake siku hiyohiyo.

Kifungu hicho kilipita bila mjadala. Mwasiti naye alisema ndiyo, na watu wakasema ameanza kukomaa.

*

Sheria nzuri haikai kabatini. Iliundwa Mamlaka ya Hifadhi ya Mito, ikapewa magari, na askari wake wakashonewa sare yenye nembo ya mto begani, mto uliotuna vizuri wenye tabasamu. Wakaingia vijijini kukagua vitanda.

Mlimani walikuta mito yote ni myeupe, kwa kuwa Mlimani waliletewa maji kwa bomba kutoka jimbo jingine. Kingoni walikuta maajabu. Kulikuwa na mito myekundu, ya kijani, na mingine yenye rangi ambazo hata kiwanda kilikuwa kimezisahau. Sajini wa Mamlaka alisimama katika mlango wa Chausiku, ameushika mto wake kwa vidole viwili.

"Mama, huu mto umeuchafua."

"Nimeufua, baba."

"Umeufua kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa mchafu."

"Nauliza umeufulia kitu gani."

"Mto."

Sajini alifikiri sana, kwa kadiri alivyoruhusiwa. Kisha akaandika kuwa mtuhumiwa amekiri kuuchafua mto kwa mto.

Hakimu wa Mlimani hakuwa na roho mbaya. Alisoma sheria, akaona inasema atakayechafua mto atausafisha, akaamuru Chausiku awekwe mahabusu pamoja na mto wake mpaka mto utakate. Kila asubuhi apewe ndoo ya maji kutoka Lukwale, karai na sabuni, kwa gharama ya serikali inayojali. Chausiku akawa anafua. Siku za viatu vya harusi mto ulizidi wekundu. Siku za mabuti uliota kijani. Askari wa zamu aliukagua kila jioni, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akafunga mlango.

Mwasiti alikwenda kumwona. Alikuwa amebeba dumu la maji safi aliyoyanunua Mlimani, akitumaini kumaliza kazi kwa mkupuo mmoja. Walimnyang'anya dumu mlangoni. Maji ya kununua, walisema, ni kudanganya mahakama.

Shangazi yake alikuwa amekaa sakafuni, karai kati ya miguu. Mikono ilikuwa imevimba, na ngozi ya vidole imeanza kuachana na mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Mwasiti akaanza kueleza kuwa analifuatilia jambo hilo, kwamba amekwisha kuandika barua ya kuomba nafasi ya kuwasilisha malalamiko.

"Hiyo ni hotuba," Chausiku akasema. Aliuinua mto kutoka kwenye karai, ukachuruzika wekundu. "Nilikwambia nini njia panda?"

"Nirudi na maji."

"Mimi sitoki humu kwa barua, mwanangu. Natoka kwa maji. Mikono hii imebakisha siku chache. Ikiisha, watanipa meno nifulie?"

Nje ya ukuta wa mahabusu wanawake wa Kingoni walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakimsubiri mwenzao. Walikuwa wakiimba polepole, bila kupiga makofi, wimbo ambao hakuna aliyejua nani kautunga, na kila mmoja alipoulizwa alimsonta wa pili:

Waheshimiwa semeni, mto huu mto gani?
Nilale nao kichwani, au ninywe kikombeni?
Wekundu umo nguoni, na kijani mdomoni,
Mwaulizana vitini, na sisi twafa mtoni.

Mwasiti aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, akausikiliza ulipoanza tena. Alikuwa na nakala ya sheria mkobani. Aliitoa akaisoma, si kama mtu aliyeitunga, bali kama mwizi anavyousoma ukuta wa tajiri, akitafuta palipo na ufa. Alisoma kifungu cha kwanza. Akasoma cha pili. Alipofika cha tatu alicheka, mpaka wanawake wakaacha kuimba wakadhani uchungu umemchanganya.

"Wenzangu," akasema, "nani ana mto nyumbani?"

*

Asubuhi ya pili yake, barabara ya kupandia Mlimani ilijaa wanawake wa Kingoni, na wanaume waliokuwa na adabu ya kuwafuata nyuma. Kila mmoja alikuwa na mto kichwani, na wenye wajukuu wengi walibeba mingi. Polisi walipouona msafara huo walidhani ni maadhimisho ya Siku ya Mto, wakafunga barabara kwa heshima, wakatanguliza pikipiki yenye king'ora. Mkuu wa polisi alipiga saluti mpaka wa mwisho alipopita. Mtu asije akasema serikali haikushiriki.

Pikipiki iliwafikisha hadi kwenye mdomo wa bomba kubwa, pale kiwanda kilipotapikia. Siku hiyo kilitapika nyeusi. Mwasiti alivua viatu, akaingia, akaupachika mto wake wa kwanza ndani ya bomba. Wenzake wakafuata. Mito ya Kingoni ilikuwa ya sufi na ya matambara, iliyoshindiliwa kwa vizazi. Ikinywa maji huvimba kama mheshimiwa aliyepata wadhifa, na ikishavimba haitoki. Walipachika, wakashindilia kwa visigino, wakapachika tena. Bomba liliguna, likakohoa, likanyamaza.

Wakarudi nyumbani na vichwa vyepesi.

Meneja wa kiwanda alipiga kelele mito iondolewe. Mkuu wa polisi akafungua sheria, akaona kifungu cha tatu, akaifunga tena kwa uangalifu kama anayefunga mlango wa chumba chenye chatu. Yeye ni kiongozi, akasema, na kiti chake anakipenda. Mkuu wa Mamlaka naye alipenda chake. Spika mwenyewe alinyanyua simu ili atume watu, akakumbuka yale maneno "au atakayetuma mtu," akairudisha simu mahali pake polepole. Mchimba kisima hakuwa ameingia bado, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kuteleza.

Ikabaki kutafuta idhini ya wenye mito. Wakili Msomi Malosha aliteremka Kingoni kwa gari la serikali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akauvuka mto ulio na maji. Alimkuta mama mmoja akipepeta mchele, akamwomba kwa lugha ya sheria na ya kusihi kwa zamu. Mama hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alisema idhini anatoa kwa moyo mweupe, ila wake uko chini kabisa, basi msomi akaanze na wenye ya juu. Malosha akaenda nyumba ya pili. Wa huko naye wake ulikuwa chini kabisa. Na wa nyumba ya tatu pia. Alizunguka kijiji kizima mpaka suti ikaota vumbi, asipate hata mtu mmoja mwenye mto wa juu.

"Haiwezekani yote iwe chini," akamwambia ajuza mmoja, sasa bila taadhima.

"Kwa nini isiwezekane, baba?" ajuza akamuuliza. "Sisi wenyewe si wote tuko chini?"

*

Hakuna aliyefikiria kukisimamisha kiwanda, kwa kuwa jambo hilo halikuwa miongoni mwa mambo yanayofikiriwa. Mapipa yaliendelea kumwagwa. Maji yake yalipokosa pa kutokea yalirudi yalikotoka, na yalipokuta kiwanda kimejaa yaliikumbuka ile mifereji ya kubana matumizi.

Spika aliitisha kikao cha dharura kuifuta sheria. Waheshimiwa waliingia na mito yao, wakakaa. Malosha alikuwa katikati ya utangulizi wa utangulizi pale aliposita na kutazama chini. Kiatu chake cha kulia, ambacho kwa bahati kilitengenezwa Mlimani, kilikuwa kinarudi kwenye rangi ya utotoni mwake.

Maji yalitokea vyooni kwanza, kisha kwenye matundu ya sakafu. Yalikuwa mekundu upande mmoja na meusi upande mwingine, na katikati yakichezacheza kijani, kana kwamba kila aina ya mteja alikuwa amealikwa. Yalinuka kama siku zote za Kingoni zilizokusanywa zikaletwa kwa pamoja. Waheshimiwa walipanda juu ya viti. Wengine walitaka kurusha mito chini ili wakanyage, wakakumbuka kifungu cha kwanza, wakabaki wananing'inia kwenye meza kama nguo zilizosahaulika kambani. Ukuta uliochorwa ulianza kuchuruzika, na kwa mara ya kwanza ule mto wa rangi ukatembea.

Mwasiti peke yake hakupanda kiti. Alisimama ndani ya maji, yakimfika magotini, kama alivyosimama utotoni akimshikia shangazi yake beseni.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "naomba mwongozo wako. Hiki kinachotuingia kinaitwaje, ili tujue tukitungie sheria gani?"

Mheshimiwa Mabugo alikuwa amepanda juu ya kiti chake kikubwa cha ngozi, ameinua joho mpaka mapajani. Wimbi jeusi liligonga mguu wa kiti, kikayumba. Akasahau shemeji, akasahau kamati, akapaza sauti iliyotoka tumboni, sauti ya mtu yeyote wa kijiji chochote aliyefikwa:

"Jamani, mto! Mto umeingia ndani!"

Karani wa Baraza, juu ya kabati, aliandika neno kwa neno, kwa sababu ndiyo kazi aliyoapia.

"Nashukuru kwa tafsiri," Mwasiti akasema.

*

Wasomi wa Kati-Pembeni hawalali juu ya jambo kama hilo. Siku iliyofuata, katika ukumbi wa shule uliokuwa mkavu, Wakili Msomi Malosha alipinga kwa nguvu zote. Kanuni inataka Spika atamke akiwa kitini, alisema, na siku ile Spika hakuwa kitini, alikuwa amesimama juu ya kiti. Wengine wakajibu kuwa aliyesimama juu ya kiti yuko kitini kuliko hata aliyekaa, maana aliyekaa miguu yake iko sakafuni. Ikaundwa Kamati Maalumu ya Kubaini Kiti. Mpaka itakapotoa taarifa, hakuna ajuaye kama mto ni maji au ni sufi, na kwa hiyo hakuna awezaye kuugusa ule wa bombani, wala kumwaga kitu katika ule wa bondeni, asije akapoteza kiti ambacho nacho hakijulikani ni kitu gani. Kiwanda kimefungwa kusubiri tafsiri. Shemeji wa Spika, kwa huzuni, amekana undugu.

Lukwale haukusubiri taarifa. Ulijisafisha kidogokidogo, kwa jinsi mito isiyojua kusoma ifanyavyo, hata asubuhi moja askari wa zamu akaingiza ndoo mahabusu akaona mpaka kitako cha ndoo.

Chausiku aliufua mto wake mara moja. Askari aliukagua kwenye mwanga, akaugeuza, akaunusa, akatafuta doa kwa juhudi ya mtu anayeogopa kukosa kazi. Kisha akafungua mlango.

Mwasiti alikuwa anangoja nje, kikombe cha bati mkononi, kimejaa. Hakusema neno. Shangazi yake alikitazama kikombe, akamtazama yeye kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe kweli hukunenepa," akasema.

Alikishika kwa vidole vyake vilivyofungwa matambara, akanywa mpaka akakiona kitako cha kikombe.

Na mpaka sasa, ukipita Kingoni jioni, utawasikia watu wakiomba dua. Huiombea kamati ile ya kiti. Huomba Mungu awape wajumbe wake afya, hamu ya kula na maneno mengi. Huomba wasielewane mapema, na ikiwezekana wasielewane kabisa, hata watoto wa watoto wao waje warithi kikao.